Ukuta wa Bwana Lugano

Siku mliyoniaga mlinipa blanketi. Blanketi zito la manyoya, lenye picha ya chui, kwa mwanamke anayeishi Kyela, ambako hata shuka huishia miguuni kabla jogoo hajawika. Nimelikunja nikaliweka juu ya kabati, na chui ananitazama. Nawashukuru, ndaga fijo. Mliniomba pia niandike machache ya kazini yawafae ninyi mnaobaki katika kazi ya kupima ardhi, na hilo nimeona nilifanye mapema, kabla sijawa mstaafu kamili, yaani mtu anayekumbuka mambo ambayo hayakutokea.

Vyeo sitavieleza. Vilikuja vikichechemea kama mbuzi mgonjwa, na vingine vilifia njiani. Nitaeleza ardhi na watu wanaoitaka, maana katika kazi yetu ardhi ndiyo nusu iliyo rahisi.

Niliripoti nikitokea chuoni nikiwa nimevaa viatu vyeupe. Nilidhani mpima hukaa mezani akachora. Mzee Salum, aliyekuwa mkubwa wangu wa kwanza, mtu wa mtaa wa Bondeni ambaye babu yake alitoka pwani akafungua duka la nguo hapa mjini, aliviangalia viatu vile. Akanipa ncha ya mnyororo wa kupimia, akanionyesha mstari uliokatiza katikati ya majaruba ya mpunga. Nikaenda. Kiatu cha kushoto kikabaki humo. Nilipoinama kukitafuta kwa mkono, cha kulia nacho kikazama.

"Viache, binti," akasema Mzee Salum. "Matope ya Kyela hayarudishi amana."

Siku ile nilipima peku, na sikuvaa tena viatu vyeupe mpaka harusi yangu, ambayo nayo ilifanyika wakati wa mvua.

Siku hizi mnabeba kile kidude cha setilaiti kwenye mkoba, mnakisimamisha, kinawaambia mlipo. Sisi tulikuwa na thiodolaiti ndani ya sanduku la mbao, na Mzee Salum alilipakata garini kama mtoto mchanga. Mvua ikinyesha alivua koti akalifunika sanduku, yeye akalowa. Lakini chombo chake hasa kilikuwa kikombe. Hakupima mpaka wowote kabla ya kunywa chai katika nyumba zote zilizopakana nao. Mpaka ukiwa mrefu tulikunywa mpaka matumbo yakawa yanacheza kama mitungi.

"Ukikataa chai ya mtu," aliniambia, "ukigeuka tu, bikoni yako inang'oka."

Nilidhani anatania. Kisha mwenzetu mmoja, mwenye haraka ya kuwahi basi la Mbeya, akapima mashamba ya kijiji kizima bila kukaa chini kwa mtu yeyote. Tulipopita huko baadaye tulizikuta bikoni zake jikoni kwa mama mmoja, zimepangwa kwa ustadi, sufuria ya maharage ikichemka juu yake. Jiwe la mpaka la saruji ni figa zuri sana. Mama yule alitukaribisha tule, na mwenzetu safari hii alikula.

Hayo yote yalikuwa mafunzo tu. Kesi iliyonifundisha kazi yenyewe ilikuja miaka ya mwishoni, Mzee Salum akiwa ameshatangulia mbele ya haki.

Wakati huo kulizuka homa mpya. Mtu kazaliwa huku, kaondoka kijana akiapa hatakanyaga tena tope, kazeekea Dar es Salaam ndani ya ofisi yenye kiyoyozi, ghafla anakumbuka kwamba ana kwao. Anakuja na kofia pana na neno moja mdomoni: utulivu. Anataka nyumba ya kijijini. Ziwa liwe mbele, mlima uwe nyuma, majirani wawe mbali. Ila umeme, maji ya bomba, barabara na mchele mzuri viwe karibu. Ukimwambia mahali pa namna hiyo panaitwa mji, anakasirika.

Bwana Lugano alikuwa mfalme wa watu hao. Alizaliwa Kyela, kwa ushahidi wa jina lake, lakini Kinyakyusa chake kilikuwa kimebaki salamu tu, na alipotamka "ugonile" alikunja uso kama anayeonja dawa. Alikuwa ameongoza watu wengi mahali fulani, sikuuliza wapi. Ilitosha kumsikia akiomba maji ya kunywa: aliyaomba kama anayefungua mkutano. Mkewe, Mama Gwamaka, mzaliwa wa Tanga, alikuwa muuguzi mstaafu, mwanamke mnene wa taratibu. Nilipowatembeza kutazama viwanja alikaa kiti cha nyuma cha gari, na kila tulikofika alitaka kujua zahanati iko wapi.

"Nataka nyumba," Bwana Lugano aliniambia, "ambayo nikifumbua macho nilione ziwa, na nikiyafumba nilisikie."

"Na ukiumwa?" akauliza Mama Gwamaka.

"Huku watu hawaumwi. Hewa ni safi."

Tulianzia upande wa Matema, chini ya Milima ya Livingstone, kwenye mteremko wenye udongo mgumu na kijito kisichokauka. Kilikuwa kiwanja cha kumaliza safari. Bwana Lugano alipanda kidogo, akashika kiuno, akasema mlima umekaa karibu mno, ni kama unamsimamia. Nadhani alikuwa hajazoea kusimamiwa.

Cha pili kilikuwa juu kidogo ya soko la Lyulilo, ambako mitumbwi ya Wakisi hushusha vyungu na samaki. Ilikuwa siku ya soko. Wanawake walikuwa wakichomoa vyungu kutoka kwenye majani makavu, dagaa wameanikwa, watu wanabishana huku wanacheka. Mama Gwamaka alishuka garini akanunua chungu, akaelezwa namna ya kukichemshia uji kwanza ili kisivuje, akamkalisha muuzaji maongezini kama shoga yake wa zamani. Yeye alikuwa amefika. Mumewe alipandisha kioo cha gari.

"Harufu," akasema.

Nikamweleza kwamba samaki wa Ziwa Nyasa, hata akishatolewa majini, huendelea kuwa samaki. Hakucheka.

Hapo ndipo alipoingia Ipyana. Ipyana ni dalali wa mjini, mwenye pikipiki, simu nyingi na ndugu katika kila kijiji. Aliposikia kuna mtu ametoka Dar na amekataa viwanja viwili vizuri, alijua mara moja kwamba huyo ni wa kupewa kibaya. Akatupeleka kwenye uwanda ulio karibu na mahali mto Lufilyo unapoingia ziwani.

Ilikuwa kiangazi. Majani mafupi ya kijani, michikichi imesimama kwa nafasi kama iliyopandwa na mtaalamu, mchanga mweupe, ziwa limelala mbele na milima imejipanga nyuma kama picha ya kalenda. Palikuwa pazuri, siwezi kubisha. Sehemu ambayo maji huja kupumzika kila masika lazima iwe nzuri, maji nayo yana macho.

"Hapa mto huja," nikasema.

"Ndiyo uzuri wake," akajibu Bwana Lugano. "Mto na ziwa kwa pamoja."

Nikampeleka kwenye mchikichi mmoja, nikamwonyesha alama ya tope kavu iliyozunguka shina, usawa wa kifua changu. Ipyana akawahi kusema.

"Hiyo ni ng'ombe, mzee. Hujikuna hapo."

"Ng'ombe warefu," nikasema.

"Wa Kinyakyusa," akasema Ipyana bila kupepesa.

Bwana Lugano akanitazama kwa huruma, akaniambia nisiwe mtu wa kukatisha tamaa wawekezaji. Mama Gwamaka alikuwa ameweka kiganja chake juu ya ile alama ya tope, akalinganisha na shingo yake.

Jirani wa kiwanja kile alikuwa mmoja tu, Bibi Sekela, mjane aliyekuwa na kimwinuko chenye migomba na kokoa. Nyumba yake ya mianzi na udongo ilikaa chini ya kimwinuko hicho, mahali ambapo marehemu mumewe aliijenga ili awe karibu na majaruba yake. Kati ya nyumba hiyo na kiwanja kulikuwa na njia ya miguu iliyobonyea kwa kukanyagwa, na wanawake wa kijiji waliitumia kwenda ziwani. Masika, mto ukifurika, maji yalipita mlangoni kwa Bibi Sekela kwa adabu, yakashika njia ile ile ya wanawake, yakaingia ziwani.

Tulikunywa chai kwake. Alimkagua Bwana Lugano kuanzia kofia mpaka soksi.

"Mwanangu, unajenga nyumba au unachonga mtumbwi?"

"Nyumba, mama. Ya ghorofa."

"Vema. Wewe lala juu. Chini watakaa kambale."

Msimdhanie Bibi Sekela kuwa ni yule bibi mwenye busara wa kwenye hadithi. Alikuwa mchoyo wa ndizi, adui wa kuku wa watu, na alinihakikishia kwamba mto ukija utatokea mashariki. Ulitokea magharibi. Lakini kwamba ungekuja, hilo hata vyura walilijua.

Siku ya kupima, Bwana Lugano alitaka njia ile iingie ndani ya kiwanja chake.

"Na wanawake wapite wapi?" nikamwuliza.

"Wazunguke. Mazoezi ni afya."

Nikamwambia njia ya watu haiuziki, na Ipyana hakuwa na uwezo wa kuiuza hata kama alikuwa na ndugu chini yake. Akapiga simu, akaongea pembeni, kisha akanipa niongee. Sauti nzito ikaniuliza kama najua nazungumza na nani. Nikasema sijui, lakini shikamoo. Ikakata. Nikapanda bikoni zangu, njia ikabaki nje, nikaondoka nimejaa kifua. Vijana, msijae kifua mpaka mrudi kukagua.

Niliporudi nilikuta ukuta. Ukuta wa matofali ya saruji, mrefu kuliko mtu, umeruka bikoni zangu, umekatiza njia, umekwenda mpaka majini. Ndani yake nyumba ilikuwa inapanda: nguzo za duara kama za benki, ghorofa, roshani inayotazama ziwa. Getini walikaa simba wawili wa saruji. Aliyewafinyanga hakuwahi kumwona simba, kwa hiyo walitoka wakifanana na mbwa waliofiwa. Juu ya geti paliandikwa kwa herufi za dhahabu: UTULIVU.

Wanawake wakawa wanazungukia kwenye matope, ndoo kichwani. Walilalamika kijijini. Bwana Lugano akaitwa, akawahutubia kuhusu maendeleo. Mimi nilikwenda mara kadhaa kumtaka aubomoe. Kila mara alinikaribisha soda, akasema suala lipo kwa mwanasheria wake. Mwanasheria huyo sikumwona hata siku moja, ila naamini alikuwa mahali pakavu.

Waliojenga ni fundi Asajile na wenzake, watu wa hapa hapa. Wakati wa ujenzi walihitaji pa kulala, Bibi Sekela akawapa ruhusa kuweka kibanda juu ya kimwinuko chake, katikati ya migomba. Wakakijenga kwa mianzi, wakakikandika udongo, vyumba viwili na kibaraza, kwa mabaki na kwa siku chache. Mafundi wetu ni hivyo: nyumba ya mtu wataivuta mwaka mzima, ya kwao inasimama kabla chai haijapoa.

Sherehe ya kuhamia ilikuwa na spika kubwa kama makabati, na hotuba mbili, zote za Bwana Lugano. Baada ya wageni kuondoka, utulivu ukaanza kumshughulikia. Alikuja ofisini kwetu kulalamika kwamba vyura hawamwachi alale.

"Kaka," nikamwambia, "vyura hatuwapimi."

Akarudi kulalamikia wale wadudu wa ziwani wanaopaa kama moshi. Walikuwa wameingia roshanini wakajaa kwenye supu. Nikamwambia wenyeji wenzake huwakamata wakawala, hivyo supu yake ilikuwa imetajirika. Mara ya tatu alikuja bila malalamiko maalumu. Alikaa tu, akatazama dirishani, akauliza kama huwa natembelewa na watu nyumbani kwangu. Nikasema natembelewa kupita kiasi, nakaa Bondeni. Akatikisa kichwa, akaenda zake. Siku hiyo nilimwonea huruma, lakini haikudumu.

Masika hayo mvua zilinyesha milimani bila kupumzika. Serikali ya kijiji ilikuwa hatimaye imeamua kipande cha ukuta kinachoziba njia kibomolewe, nami niliitwa nikionyeshe. Nilikwenda asubuhi na fundi Asajile, yule yule aliyeujenga, na nyundo yake kubwa. Bodaboda zilitufikisha nusu. Mbele barabara ilikuwa imeshakuwa mto. Tukamalizia kwa mtumbwi wa mvuvi mmoja wa Kikisi.

Lufilyo ulikuwa umevunja kingo. Maji ya rangi ya chai ya maziwa yalikuja yakitafuta njia yao ya siku zote, yakakuta ukuta. Yakasimama, yakapanda, yakarudi nyuma. Upande wa ndani, uani kwa Bwana Lugano, yalifika kifundo cha mguu. Upande wa nje yalikuwa yamefika dirishani kwa Bibi Sekela.

Alikuwa amekaa juu ya meza, mlangoni kwake, kuku kwapani. Goti lake lilikuwa bovu tangu kiangazi, hangeweza kupanda mwinukoni peke yake. Mvuvi alijaribu kumfikia mara mbili. Maji yaliyokuwa yakizunguka kati ya ukuta na nyumba yaliugeuza mtumbwi kama jani. Asajile alitazama kuta za udongo zilivyokuwa zikibadilika rangi kutoka chini.

"Nyumba ya namna hii ikilowa kiunoni," akasema polepole, "inakaa chini kama mtu aliyechoka."

Ili maji yaondoke, ukuta ulipaswa kutobolewa. Na ukitobolewa, maji yote yale yangepita uani na sebuleni kwa Bwana Lugano. Yeye alikuwa juu roshanini, amevaa joho la kulalia, simu mkononi.

"Mzee, tunavunja," nikamwita.

"Tusubiri kidogo. Yatapungua."

"Hayapungui. Bibi yumo ndani."

"Nimeshapiga simu kwa wahusika. Humu ndani kuna vitu, dada Tusekile. Lazima tufuate utaratibu."

Niliwahi kuwasikia watu wengi wakilitaja neno utaratibu, lakini si huku jirani yao akiwa juu ya meza. Nikageuka nimwambie Asajile apige, liwalo na liwe. Naye alikuwa ameshika nyundo, anasita. Fundi huogopa kubomoa kazi ya mtu mwenyewe akiwa anatazama.

Geti, lililokuwa upande ambako maji yalikuwa mafupi, likafunguka. Mama Gwamaka akatoka, kanga kiunoni, miguu mitupu, akitembea ndani ya maji kwa taratibu zake zile zile. Akaja mpaka tulipo, kwenye tuta kando ya ukuta.

"Fundi, nipe hiyo."

"Mama, mwenye ukuta hajasema."

"Mwenye ukuta anatafuta mtandao. Nipe."

Akainua nyundo akapiga. Kikatoka kipande cha plasta kama kiganja. Akapiga tena. Kisha akaishusha, akahema, akainua uso kwenye roshani. Hakupaza sauti.

"Baba Gwamaka. Nimefumba macho ya watu wengi hospitalini, na wote niliwafanyia nilichoweza kwanza. Yule mama akifa, macho yake utakwenda kuyafumba wewe."

Bwana Lugano akashusha simu. Nilimwona akitazama upande wa Bibi Sekela, nadhani kwa mara ya kwanza tangu mvua ianze. Pale juu roshani ilikuwa imejengwa kutazama ziwa, na ili kumwona jirani ilimbidi ajipinde. Akaingia ndani. Nikafikiri amekwenda kujifungia. Akatokea getini, joho limelowa mpaka mapajani, akaja akamnyang'anya mkewe nyundo.

"Wapi?" akamwuliza Asajile.

"Pale kwenye ungio, mzee. Ndipo uliponiambia nibane saruji."

Akapiga pale. Alipiga vibaya, kwa hasira, kama mtu anayegombana na ukuta kuhusu jambo la miaka mingi. Asajile akaokota jembe akasaidia. Ukuta ulipoanza kutetemeka tulimvuta kwa joho lake, tukajibana kwenye tuta, na kipande kikubwa kikalala ndani kwa kishindo. Maji yakaingia. Simba mmoja akaanguka kifudifudi. Mlango wa sebule ulifunguka wenyewe, na baada ya muda tukaona makochi ya ngozi yakitoka upande wa pili moja moja, kama wageni waliokosa raha kwenye shughuli, yakielekea ziwani.

Bwana Lugano hakuyatazama. Alikuwa akitazama maji ya mlangoni kwa Bibi Sekela yakishuka. Mvuvi akapiga kasia, akamfikia, akampakia na kuku wake. Walikuwa wamefika katikati ukuta wa nyuma wa nyumba ile ulipokaa chini, kama Asajile alivyosema, bila kelele kubwa.

Tulimpandisha mwinukoni. Mama Gwamaka alimvua nguo za maji akamfunga kanga yake. Tulisubiri aseme neno zito, maana wakati ulikuwa wa neno zito.

"Kuna kuku mwingine," akasema, "yuko juu ya kabati."

Bwana Lugano ndiye aliyerudi kumchukua.

Mahali pakavu palipobaki ni kile kibanda cha mafundi. Bibi Sekela akapewa chumba kimoja, mume na mke kingine, kwa sababu UTULIVU ulikuwa umejaa tope mpaka kwenye swichi za taa, na umeme umekatwa. Kati ya vyumba palikuwa na mkeka tu. Mwenye nguzo za benki akalala kwenye kitanda cha mianzi cha mchanganya zege, na kila asubuhi Bibi Sekela alimsimulia alivyojigeuza.

Maji yalipokauka, kijiji kikajitokeza kumjengea Bibi Sekela nyumba nyingine, safari hii juu ya mwinuko. Bwana Lugano alitaka awalipe. Wakamwambia abebe mianzi. Akabeba. Akakanyaga udongo na wenzake, suruali imekunjwa, na wazee wakamkosoa miguu kwa Kinyakyusa, na kwa kukosolewa kila siku maneno yakaanza kumrudia, ya matusi kwanza. Ukuta wote ukavunjwa, na matofali yake yakaenda kwenye msingi wa Bibi. Njia niliipima upya, pana kuliko mwanzo, na aliyenishikia ncha ya utepe alikuwa yeye.

Nyumba kubwa ilikauka, ikafagiliwa, ikapakwa rangi. Hawakurudi. Bibi Sekela alishahamia kwake, kibanda kikabaki cha wawili wale, nao wakaendelea kukaa kama wageni waliosahau kuaga. Juu roshanini sasa wanawake walianika kokoa, na ghorofani pakawekwa mpunga wa nusu ya kijiji. Nilipomwuliza Bwana Lugano kwa nini asihamie kwake, aliniambia kule ndani kuna mwangwi. Pale kibandani, asubuhi, ziwa lilionekana kipande tu kati ya migomba miwili. Alisema kipande kinamtosha. Mama Gwamaka alikuwa barazani na foleni ya akina mama wenye watoto wenye vidonda, chungu cha ndizi za mbalaga jikoni, na sikumsikia tena akiuliza kitu chochote.

Miezi michache kabla sijastaafu, Bwana Lugano akaniita nikapime. Kibanda chake, alisema. Nilipofika nilimkuta amenyoa, amevaa shati jeupe la mkutano. Nikamkumbusha kwamba kibanda kiko ndani ya ardhi ya Bibi Sekela, na mimi sipimi cha mtu kwa ajili ya mtu mwingine. Akaniomba twende wote kwake. Tukaenda, tukanywa chai.

"Mama," akasema, na Kinyakyusa chake cha kubabaisha akakichanganya na Kiswahili, "naomba uniuzie pale tunapokaa. Kwa masharti yako."

"Siuzi."

"Sehemu ndogo tu. Mpima yupo hapa, atapanda mawe, kila mtu ajue chake."

"Ulishanunua, mwanangu. Ulinunua maji. Mimi sikukucheka."

Alimcheka kwa masika mazima, lakini hakuna aliyemkumbusha.

"Na nikifa, mama? Mke wangu atakuwa wapi? Nimejenga kule siwezi kulala, hapa nalala si kwangu. Nimezunguka maisha yote." Akanywa chai. "Nataka tu kujua. Ile nyumba tunayolala ni ya nani?"

Bibi Sekela alimaliza kumenya ndizi aliyoishika. Hakuwa na haraka, na ndizi hakumgawia mtu.

"Ile nyumba ni ya anayeifagia," akasema. "Nimekaa hapa naona kila asubuhi. Ni ya mkeo. Wewe ni mgeni wake. Ukitaka iwe yako pia, unajua pa kuanzia."

Nilifunga vifaa vyangu bila kupima kitu. Tuliporudi kibandani Mama Gwamaka alikuwa uani. Mumewe alimweleza yote, kwa sauti ya mtu anayetoa taarifa ya mkutano uliokwenda vibaya. Mkewe alimsikiliza mpaka mwisho, akamkabidhi ufagio wa chelewa, akaingia ndani kunitafutia ndizi za kubeba.

Bwana Lugano alifagia akiwa amevaa shati lile lile jeupe. Alianzia getini, ambako hakukuwa na geti, akaja akirudi nyuma kuelekea mlangoni, akisukumia takataka zote kwenye kibaraza chake mwenyewe. Kutoka ng'ambo ya migomba Bibi Sekela akamwambia aanze upya. Akaanza upya.